Bwana Ndiyo Mbele ya Hakimu

Asubuhi ya kwenda mahakamani Mama Vifungo alimvalisha mwanawe shati jeupe, akamvua, akamvalisha la bluu, akarudi nyuma kumtazama, kisha akamrudishia lile jeupe. Mwanawe alisimama tu katikati ya chumba, mikono imening'inia, mtu mzima mwenye ndevu na mabega ya kubeba magunia, akingoja mama amalize kuhangaika.

"Hili linakubana?"

"Ndiyo."

"Au halikubani?"

"Ndiyo."

"Basi tumepatana," alisema mama, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya cherehani, chini ya meza, nyuma ya mlango. Kumbe alikuwa ameshavivaa.

Mtaani walimwita Mama Vifungo kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa kushona, na chumba cha mbele cha nyumba yao, kile kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa karakana: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na rafu iliyojaa makopo ya vifungo. Makopo hayo yalikuwa mali ya mwanawe, na ole wake atakayeyagusa. Alivipanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa, kisha kwa matundu yake. Mteja akija na koti lililopoteza kifungo kimoja, yeye hukitazama kilichobaki, akatia mkono koponi, akamtoa ndugu yake. Mengine hakuyaweza. Homa kali ya utotoni ilimpanda kichwani, ikauacha mwili ukiendelea kukua na akili imekaa pale pale ilipokuwa.

Yeye mwenyewe walimwita Bwana Ndiyo. Jina hilo mama yake ndiye aliyelishona, ingawa hakujua kwamba anashona. Mtoto alipokuwa mdogo, mtu akimwuliza neno alikuwa anaduwaa, mdomo wazi, macho darini, na watu hawana subira na mtoto wa namna hiyo. Wengine walimcheka. Mwalimu mmoja alimwita jeuri. Basi mama akapata dawa: mtu akiuliza, yeye humfinya mtoto kidogo juu ya kiwiko na kumnong'oneza, "Sema ndiyo." Mtoto akasema ndiyo. Watu wakafurahi. Lo, ana adabu huyu! Na mama akafurahi kuliko wao, maana hakuwa amezoea kusikia mwanawe akisifiwa. Akaendelea kufinya mpaka ndiyo ikawa inatoka yenyewe bila kufinywa. Yale yaliyohitaji jibu refu aliyajibu yeye. Anaitwa nani? Mama anajibu. Amekula? Mama. Anaumwa wapi? Mama huyo huyo.

Akina mama wengi wenye watoto wa aina hii hulala usingizi hapo alipolala yeye. Wanadhani mapenzi yanatosha.

Kilichomwamsha ni uvimbe. Aliona mwanawe anatembea ameinama upande, mkono hautoki mfukoni. Alipomvua, akakuta kwenye kinena kitu laini cha kuvimba, mfano wa kibonge cha uzi kilichoingizwa chini ya ngozi. Hospitalini, daktari alikibonyeza, kikarudi ndani. Alipomwambia akohoe, kikatoka tena.

"Ni henia," daktari alisema. "Utumbo umepenya mahali pasipo pake. Leo ukiusukuma unarudi. Siku utakapokataa kurudi, itakuwa mbio za kuokoa maisha. Heri tumpasue mapema."

"Mpasue hata sasa hivi. Nitie sahihi wapi?"

Daktari hakumpa kalamu. Alimgeukia mgonjwa. "Kaka, umeelewa tunachotaka kukufanyia?"

"Ndiyo."

"Hebu niambie, nimesema nini?"

"Ndiyo."

Daktari akakuna shingo. "Mama, huyu ni mtu mzima. Hawezi kujitilia sahihi, na wewe huwezi kumtilia. Nani mlezi wake wa kisheria?"

"Mlezi? Baba daktari, mimi ndiye niliyemzaa!"

"Sibishi, mama. Lakini alipotoka utotoni, mbele ya sheria aliingia kwenye kundi la watu wanaojiamulia. Kama hawezi, ni mahakama inayomchagua mtu wa kumwamulia. Uliwahi kwenda?"

 Miaka yote Mama Vifungo aliyomwogesha mwanawe, akamlisha, akamkata kucha, hakuna mtu aliyemdai cheti cha kuwa mama. Na sasa tumbo la mwanawe linatoka nje, naye amesimama pale kama mpita njia.

Tangu siku hiyo hakukaa akakalika. Alishona mikono ya gauni mahali pa shingo. Kila alfajiri alimlaza mwanawe chali akaubonyeza ule uvimbe mpaka urudi ndani.

Karani wa mahakama alimpokea kwa uso wa mtu aliyeshaona kila kitu. "Unaomba nini, mama?"

"Naomba kuwa mama wa mwanangu."

"Hiyo hatutoi hapa," karani alisema bila kucheka. "Hapa tunatoa ulezi wa kisheria." Kisha akalegea, akamweleza: aende na mwanawe kwa daktari wa akili aandike anachoweza na asichoweza; ombi lake litasajiliwa; ndugu wa pande zote mbili watajulishwa. Mwenye pingamizi atasikilizwa.

"Apinge nani, mwanangu? Huyu hata kumwogesha hakuna aliyejitolea."

"Huwa wanatokea tu, mama," karani alisema.

Na kweli akatokea. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dalali wa nyumba, mtu anayetembea na funguo za milango ya watu kiunoni zikilia kama kengele. Si mtu mbaya. Jumapili humpakia mtoto huyo wa kaka yake nyuma ya baiskeli wakazunguka mpaka jua likazama, na Bwana Ndiyo hurudi ana vumbi mpaka kwenye kope, anacheka peke yake. Lakini dalali ni dalali hata akiwa mezani kwenu. Marehemu alikuwa amemwandikia mwanawe nyumba ile ili asije kutupwa nje na mtu. Kwa hiyo atakayemshika yeye, ameishika na nyumba.

Shemeji alikuja mwenyewe kusema, akaegemea meza ya kukatia.

"Shemeji, usinielewe vibaya."

"Hujasema bado, nikuelewe vipi?"

"Macho yako yamegoma. Ile suruali uliyonishonea mguu mmoja mfupi."

"Ulisimama upande nilipokupima."

"Sawa, nilisimama upande. Lakini ukianguka leo, huyu anabaki na nani? Mimi ni damu ya baba yake. Aje kwangu, hapa pakodishwe, kodi imtunze. Nimeshapeleka pingamizi. Na mwenyewe nimemwuliza, amekubali. Kinyozi alikuwepo, ni shahidi."

Mama Vifungo alicheka kicheko kirefu cha dharau, halafu kicheko kikamkaukia mdomoni. Alijua mwanawe alijibu nini, maana ni yeye aliyemwekea jibu hilo kinywani.

"Ulimwuliza vipi?"

"Kama mtu anavyomwuliza mtu. Nilisema, 'Utakuja kukaa kwangu?' Akasema ndiyo." Shemeji akamgeukia mtoto wa kaka yake. "Si ndiyo, bwana mkubwa?"

"Ndiyo," alisema Bwana Ndiyo, akiendelea kutenganisha vifungo vya koti na vya mashati.

Hivyo ndivyo walivyofika kwenye chumba cha hakimu, chenye benchi ngumu, feni inayozunguka kwa kulalamika, na dirisha ambalo lilikataa kufungwa. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kikohozi. Alisoma karatasi za daktari wa akili, akazifunika, akavua miwani.

"Nataka kumsikia mwenyewe," alisema. "Kijana, unaitwa nani?"

Mama Vifungo akataja jina, na la babu yake juu.

"Sikukuuliza wewe, mama. Kijana, unakaa na nani?"

"Anakaa na mimi, mheshimiwa, tangu..."

Watu wa nyuma walicheka. Hakimu alingoja wamalize. "Mama, ukijibu tena nitakutoa nje ukakae na karani."

Mama Vifungo akauma midomo yote miwili. Lakini mkono una akili yake. Hakujua umekwenda saa ngapi. Alijikuta tu vidole vyake viko juu ya kiwiko cha mwanawe, pale pale pa siku zote.

"Na huo mkono," hakimu alisema, "unatafuta nini huko?"

Akauondoa kama aliyeshika pasi ya moto, akaukalia.

"Kijana. Unataka kukaa na mama yako?"

"Ndiyo."

Mama akashusha pumzi. Shemeji akanyanyuka, funguo zikalia. "Mheshimiwa, kwa heshima, mwulize na kwangu."

"Unataka kukaa na baba yako mdogo?"

"Ndiyo."

Shemeji akaketi kwa madaha, akakunja nne. Hakimu alimtazama yule mtu mzima aliyefungwa shati mpaka kifungo cha shingoni, akamtazama tena.

"Unataka kukaa hapa mahakamani? Ulale kwenye hilo benchi?"

"Ndiyo."

"Mimi ni mama yako?"

"Ndiyo."

Chumba kikachangamka. Kinyozi, aliyeitwa na shemeji kuja kutoa ushahidi, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, naomba niseme yangu nirudi kazini, nimeacha mtu na povu usoni. Ni kweli alimwuliza, na ni kweli alisema ndiyo. Ila siku hiyo hiyo nilimtania nimnyoe na nyusi, akasema ndiyo pia."

"Ukamnyoa?"

"Hapana, mheshimiwa! Nina roho."

"Kaa chini, nawe shukuru kwamba unayo." Hakimu akakohoa, akanywa maji. Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. "Ndiyo hii hainifai. Haimfai shemeji, na haikufai wewe, mama. Mtu huyu anaweza kukubali kuchinjwa. Nani aliyemfundisha?"

Mama Vifungo, aliyejibu kila swali tangu asubuhi, hilo hakulijibu.

Kesi ikaahirishwa. Afisa wa ustawi wa jamii angekwenda nyumbani kumwona Bwana Ndiyo katika mazingira yake, kisha aandike.

Huko nyumbani sasa ndiko kulikowaka moto. Mama Vifungo alifunga karakana mchana kweupe, akamketisha mwanawe kwenye kigoda, akasimama mbele yake kama mwalimu.

"Sema sitaki."

"Ndiyo."

"Si ndiyo. Sitaki. Si-ta-ki."

"Sitaki," alisema Bwana Ndiyo kwa utii.

"Haya! Nikupe uji wa moto unaounguza?"

"Ndiyo."

"Toba! Nikutupie makopo yako barabarani?"

Mwanawe alitazama rafu, akameza mate, jasho likamtoka puani. "Ndiyo."

Alijaribu kwa kubembeleza, alijaribu kwa ukali. Mwishowe uchovu ulimshinda akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akaufungua na kuufunga hewani, kra, kra. "Nikukate sikio?"

"Ndiyo," alisema mwanawe. Akainamisha kichwa, akamtegea sikio.

Mkasi ulimponyoka ukaanguka sakafuni. Mama aliketi pale pale chini kando yake. Haya, leo mkasi umeshikwa na mama. Kesho je? Huyu amepita barabarani miaka yote hii, amesimama madukani, amekaa uani na watu asiowajua wakati mama ameinamia cherehani. Ni wangapi wamekwisha kumwuliza jambo? Wamemwuliza nini? Akaanza kumkagua mikono, shingo, mgongo, akitafuta alama ambayo hata hakujua ni ya nini. Mwanawe akamwachia akague. Kwa nini asimwachie? Hajui kukataa.

Wewe uliye na mtoto kama huyu, soma hapo mara mbili.

Afisa wa ustawi alikuja akiwa na viatu vya vumbi na mkoba wa begani, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alisalimia vizuri, "Shikamoo mama," akaambiwa marahaba, akapewa kiti. Kisha akasema, "Sasa, mama, naomba utuachie nafasi."

"Niende nje?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Popote ambapo hakuoni."

Hakuwahi kuachwa nje ya chumba ambamo mwanawe anaulizwa. Alienda uani akaosha ndoo iliyokuwa safi. Akaanika kitambaa kikavu. Akafagia vumbi kutoka kona moja kwenda nyingine, akalirudisha. Mwisho aibu ilimwisha, akasogea chini ya dirisha, akatega sikio.

Ndani kulikuwa kimya. Yule afisa alikuwa ameuliza kitu akanyamaza, na kimya kikaendelea mpaka mama akahisi kuwashwa mwili mzima. Jibu lilimjaa mdomoni. Alikunja ncha ya kitambaa akaiuma.

"Vya koti," ilisikika sauti ya mwanawe.

"Na kopo hili?"

Kimya tena, kirefu. "Vya watoto. Vidogo."

Mama akashika ukuta. Hakuna ndiyo! Yule afisa hakuuliza kwa namna ya kujibiwa ndiyo. Aliuliza nini, nani, wapi, halafu akangoja, akangoja kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

"Kwa baba mdogo kuna nini?"

"Baiskeli."

"Na nyumbani kwake, ndani?"

"Hakuna makopo."

"Ukiumwa, unamwambia nani?"

Kimya. Njiwa alitua kwenye paa, akatembea, akaruka.

"Simwambii mtu."

"Imekuwaje?"

"Mama anajibu."

"Mama akijibu, wewe unafanya nini?"

"Nanyamaza."

Mama Vifungo aliipindua ile ndoo safi akaikalia. Kwa hiyo uvimbe ule haukuanza siku alipouona. Ulikuwepo, mwenyewe akaujua, akanyamaza nao, akingoja mama aujibu.

Siku ya uamuzi hakimu alikuwa bado na kikohozi chake. Alisema ombi la mama limekubaliwa, yeye ndiye mlezi wa kisheria wa mwanawe, na sahihi yake hospitalini itapokelewa. Mama alitaka kuruka, lakini hakimu alinyoosha kidole.

"Sijamaliza. Nyumba haiuzwi wala haikodishwi bila mahakama kujua. Hilo ni lako wewe na la shemeji yako. Shemeji, pingamizi lako nimelitupa, lakini swali lako, kwamba mama akianguka huyu atabaki na nani, nimelibakiza. Ni swali zuri, ijapokuwa lina kodi ya nyumba ndani yake." Watu wakaguna. "Jumapili na baiskeli ziendelee. Na wewe, mama. Kila uamuzi unaomhusu, kwanza umwulize. Umwulize vizuri, umngoje, mkono wako ukae mbali naye. Ukisha kumsikia, ndipo uamue. Na mwakani uje na jina la mtu utakayemwachia kazi hii. Umenisikia?"

"Nimesikia, mheshimiwa."

"Sikuona ukimeza."

"Nimemeza, mheshimiwa."

Ukumbini shemeji alimngoja, amezishika funguo zisilie. "Hongera, shemeji. Na ile suruali yangu?"

"Ilete. Nitaupunguza na mguu wa pili."

Walicheka, lakini mama alikuwa tayari anashuka ngazi kwa haraka, mwanawe nyuma yake. Lile jina la mwakani lilikuwa limekwisha kumkaa shingoni kama kola iliyotiwa wanga. Na asubuhi hiyo uvimbe ulikuwa umegoma kurudi mpaka alipoubembeleza kwa kitambaa cha uvuguvugu.

Hospitalini waliwapokea kesho yake. Muuguzi alimbadilisha mgonjwa nguo, akamvalisha lile gauni la kijani la kufungwa kwa kamba mgongoni, akamkalisha kitandani. Daktari akaja na karatasi na kalamu. Mama alinyoosha mkono kuipokea. Kisha akaurudisha.

"Ngoja kwanza, baba daktari. Nimeagizwa aulizwe."

Daktari alitazama saa ya ukutani, lakini akauliza, tena vizuri. "Kaka, tunataka tukulaze, tuurudishe huu utumbo ndani, tushone. Wewe unasemaje?"

Mama aliificha mikono nyuma ya mgongo, wa kulia ukaushika wa kushoto. Alitazama ukuta. Magurudumu ya kitanda yalipita ukumbini yakilia. Ndiyo itatoka sasa hivi, aliwaza, mwenyewe najua, itatoka nami nitatia sahihi tumalize.

"Sitaki."

Alisema kwa sauti ndogo, anazungumza na sakafu, lakini kila mtu alisikia. Muuguzi alimtazama daktari. Daktari alimtazama mama.

"Mama, mlezi ni wewe. Ukitia sahihi, tunaendelea. Na mimi nakushauri tuendelee leo."

Kalamu ilikuwa mbele yake. Siku chungu nzima amemfundisha neno hili kwa machozi, likakataa kutoka. Limetoka leo. Akilipuuza, mwanawe atajua kwamba sitaki ni kelele tu, haifungui mlango wala haiufungi, na hatalisema tena maishani. Akilitii, lile tumbo. Akashika kalamu, akaiweka. Akashika tena. Akamgeukia mwanawe, na ulimi ukataka kusema "Lazima, baba," akaurudisha.

"Hutaki nini?" aliuliza.

Akangoja. Daktari alihamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Muuguzi akakunja shuka ambalo lilikuwa limekunjwa. Mama hakusogea, ingawa ndani yake kulikuwa na mtu anayekimbia.

Bwana Ndiyo alipeleka mkono kifuani, akapapasa kitambaa kutoka juu kwenda chini, pale ambapo maisha yake yote palikuwa na mstari wa vifungo. Akapeleka mkono mgongoni, akakutana na kamba na ngozi yake mwenyewe. "Haina," alisema. "Wazi."

Mama Vifungo hakuomba ruhusa. Sindano yenye uzi ilikuwa kwenye kola yake, mahali ambapo fundi huiweka akaisahau. Aliuma uzi wa blauzi yake, akang'oa kifungo cha juu, akakaa kitandani na kukishona kwenye kifua cha lile gauni la kijani.

"Mama, hiyo ni nguo ya hospitali!" muuguzi alisema.

"Nitaifumua."

"Kule ndani haviruhusiwi vifungo."

"Mwache," daktari alisema. "Tutakitoa akishalala."

"Hapana," mama alisema, na sindano haikusimama. "Usimfiche. Mwambie."

Basi daktari akachuchumaa mbele ya mgonjwa, akamwambia kwamba kifungo kitakaa hapo mpaka apate usingizi, kisha kitawekwa kwenye kikopo kando yake, na akiamka atakikuta. Bwana Ndiyo alikipapasa kifungo kwa kidole, akakizungusha, akahesabu matundu yake kwa ukucha.

"Sasa wasemaje, kaka?"

Aligeuka kumtazama mama. Mama akatazama dari.

"Ndiyo."

Akatia sahihi. Jina lilipanda mlima. Ndiyo ile alikuwa ameisikia tangu mwanawe akiwa mtoto. Sasa alitaka kuipima, aigeuze upande wa ndani aone mishono, ni ya mwanawe au ni ile aliyomshonea yeye. Haikupimika. Walikuwa wameshamsukuma wakatokomea.

Aliketi ukumbini. Akasimama. Akaketi kwenye kiti kingine. Blauzi ilimwachia kifuani, akaishikilia kwa vidole, na kwa mkono mwingine akazifinya nyama za juu ya kiwiko chake mwenyewe mpaka pakawa pekundu. Aliwaza majina ya mwakani: huyu ana haraka, yule ana mdomo, yule hajui kungoja. Shemeji anajua baiskeli. Je, angefundishika kungoja?

Mlango ulifunguliwa, muuguzi akatoa kichwa. Mama alikuwa ameshafika mbele yake.

"Imekwenda salama, mama. Amezinduka. Lakini huyo mwanao!" Muuguzi alitikisa kichwa, anacheka. "Nimempa maji ya kulowesha midomo, sitaki. Nimempa mto, sitaki. Daktari kamwuliza anaumwa wapi, sitaki. Hilo kopo la kifungo ndilo hataki kuliachia kabisa."

"Ameanza," mama alisema, machozi na kicheko vikigombania uso mmoja. "Nipishe niingie."

Muuguzi hakumpisha. "Nimemwuliza kama nikuite."

"Akasemaje?"

"Hajajibu bado. Anafikiri. Ndiyo nikaja kukwambia ungoje."

Mama Vifungo alikuwa ameshika kitasa. Aliona vidole vyake juu ya chuma, vimekaza. Ndani kulikuwa kimya, kile kimya kirefu anachokijua sasa, na jibu lilikuwa limemjaa mdomoni, tamu, tayari kutoka. Alikiachia kitasa. Akaikunja mikono nyuma, akasimama mlangoni, blauzi wazi, akingoja asikie mwanawe atasema nini.